Barua ya wazi kwa viongozi wa mbio za magari Afrika Mashariki: tupeni barua ya ruhusa kwa wakati

Kwa viongozi wa mashirikisho ya mbio za magari ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na kwa wakuu wa michezo katika wizara zetu.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni fundi wa injini za dizeli huku pwani, nina miaka 37, na nikitoka gereji ni dereva wa ridhaa. Sijawahi kulipwa hata senti kwa kuendesha gari la mashindano, wala sitazamii kulipwa. Naweka akiba mwaka mzima, pengine miwili, nikakodi gari la kiti kimoja Uingereza, nishindane siku mbili, kisha nirudi kushika spana. Tulio na hamu hii katika nchi zetu hatuko wengi na tunajuana. Yuko mwalimu wa hesabu, yuko dereva wa malori ya Mombasa hadi Kigali, yuko dada mmoja wa benki anayeshinda wanaume karibu wote kwenye karti, vile vigari vidogo vya mashindano.

Nawaandikia hadharani kwa sababu barua za faragha nilizoandika kwa miaka mitatu zimepata majibu mawili tu, na yote mawili yaliniambia nisubiri.

Jambo lenyewe ni karatasi moja. FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, hutambua shirikisho moja katika kila nchi, na kanuni zake za kimataifa zinasema dereva anayetaka kwenda kushindana nje apate kwanza idhini ya shirikisho la kwao. Kanuni hizo hizo zinaliachia shirikisho liitoe idhini hiyo kwa namna litakayoona inafaa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima kamati ikutane, wala kwamba wizara igonge mhuri. Ukurasa mmoja wenye nembo unatosha: jina la dereva, namba ya leseni, jina la mashindano na tarehe zake, sahihi. Ni kazi ya dakika kumi. Kwa upande wetu, dakika hizo kumi ndizo zinazoamua kama akiba ya mwaka mzima itazaa kitu au itapotea.

Mara ya kwanza niliomba barua hiyo mwezi Julai, kwa mashindano ya Oktoba. Ofisi niliyoiomba sitaitaja. Waliokuwa pale wengine wameshaondoka, na kilio hiki nimekisikia kwa madereva wa zaidi ya nchi moja, kwa hiyo sina haja ya kumwaibisha mtu. Kwanza niliambiwa leseni yangu ni ya rali na otokrosi (mbio fupi za kwenye vumbi), haisemi lolote juu ya mbio za uwanjani. Nikauliza nitaipataje hiyo ya uwanjani, nikajibiwa fomu yake haipo kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiomba. Agosti nikaambiwa mwenye kutia sahihi amesafiri na msafara wa rali. Katikati ya Septemba barua ikawa "iko mezani". Wakati huo viza nayo inangoja, maana anayeomba viza hutakiwa aonyeshe anakwenda kufanya nini na kwa nini atarudi, na dereva wa ridhaa asiye na kampuni nyuma yake hana ushahidi mzito kuliko barua ya shirikisho lake. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi iliniumiza na mfuko, kwa sababu kila wiki iliyopita nauli ya ndege ilikuwa juu kuliko ya wiki iliyotangulia.

Barua ilitoka siku ya mwisho ya Septemba. Viza ikatoka Jumatano ya wiki yenyewe ya mashindano. Nikaruka Alhamisi usiku, na Ijumaa saa kumi jioni nikaingia lango la Brands Hatch, katika jimbo la Kent, kusini-mashariki mwa London. Magari yalikuwa yanafunikwa maturubai. Ijumaa ndiyo siku ya majaribio, siku ambayo mgeni huifundisha akili yake uwanja, na mimi nilikuta mafundi wanafunga masanduku ya vifaa.

Naomba mnivumilie nieleze maana ya kuikosa Ijumaa hiyo, kwa sababu asiyewahi kukaa ndani ya gari la aina hii anaweza kudhani ni jambo dogo.

Mashindano yenyewe ni Formula Ford Festival, ya kila mwaka, ya magari ya kiti kimoja yenye injini za Ford yaitwayo Formula Ford. Yalianza mwaka 1972 katika uwanja wa Snetterton na kuhamia Brands Hatch mwaka 1976. Hukimbiwa kwenye mzunguko mfupi wa uwanja huo, usiofika hata kilomita mbili, ambao gari hili huumaliza kwa muda chini ya dakika moja. Mtu akisikia ufupi huo hudhani ni kazi rahisi. Kumbe ufupi ndio ugumu: hakuna pa kupumzika. Ukivuka mstari wa kuanzia unaikabili kona ya kulia iitwayo Paddock Hill Bend, na unapogeuza usukani huoni inakokwenda, kwa sababu ardhi inaporomoka mbele yako kama mtu aliyevuta mkeka. Gari linakuwa jepesi, tumbo linapanda kifuani, halafu chini kabisa ya mteremko uzito wote unarudi kwa mpigo na unatakiwa uwe umeshapanga magurudumu. Hapo unapanda kilima hadi Druids, kona iliyokunjika kama kiwiko, kisha unashuka tena kushoto. Gari halina mabawa ya kulikandamiza chini. Tairi zake zina kashata kama za gari la barabarani, na gia unabadilisha kwa mkono, nne mbele. Lina nguvu za farasi zinazozidi 100 kidogo tu, lakini bila dereva halifiki nusu tani. Umekaa chini kiasi kwamba ukishusha mkono unagusa lami, na magurudumu ya mbele unayaona wazi yakipanda na kushuka, yako peke yake, bila kitu cha kuyafunika.

Mambo hayo mwenzako amejifunza Ijumaa, mizunguko hamsini au sitini, kwa utulivu. Mimi nilijifunza Jumamosi asubuhi ndani ya dakika za kufuzu, lami ikiwa na unyevu, kiti kimejazwa sponji usiku uliopita ili mgongo wangu usicheze. Niliogopa, na sioni aibu kusema. Kwenye mchujo nilimaliza wa tatu kutoka mwisho. Nikapelekwa kwenye mbio za nafasi ya mwisho, zile zinazowapa walioshindwa mlango mmoja zaidi wa kuingia nusu fainali, na safari yangu ikaishia hapo. Jioni fundi wa timu, mzee mmoja mpole, aliniita akanionyesha karatasi ya nyakati. Mzunguko wangu wa mwisho ulikuwa wa kasi zaidi ya ule wa asubuhi kwa sekunde mbili kasoro kidogo. Akaweka kidole pale na kusema, "Ungekuwa na Ijumaa, ungekuwa katikati ya kundi." Nimeibeba sentensi hiyo mpaka leo.

Mwaka uliofuata niliomba mapema zaidi, mwezi Machi. Barua haikutoka kabisa. Timu ilishachukua kishika uchumba, na kwa haki yao hawakukirudisha, kwa sababu kiti walichoniwekea walikuwa wamemkatalia mtu mwingine. Fedha ile ingeninunulia pikipiki nzuri na chenji ikabaki.

Sasa niruhusuni niwaeleze kwa nini narudi tu, kwa sababu nadhani hapa ndipo tunapopishana. Huenda mnaona mchezo wa kigeni, wa watu wa kwingine, unaopapatikiwa na kijana asiye na kazi ya kufanya. Mimi nilipoinuliwa kava la nyuma la gari lile Jumamosi asubuhi nilinyamaza. Injini iliyokuwa mbele yangu niliijua. Baba yangu mdogo alikuwa na Ford Escort ya zamani, na ni juu ya injini ile, nikiwa na miaka kumi na miwili, nilipofundishwa kupima nafasi ya valvu kwa kipande cha bati, kusafisha kabureta kwa petroli na brashi ya meno, na kusikiliza kwa bisibisi iliyobanwa sikioni. Ni ukoo uleule wa injini za Ford ziitwazo Kent. Mzee alishangaa nilipomwonyesha mahali inapopenda kuvuja mafuta. Pale Grogan Nairobi, Gerezani Dar es Salaam na Kisekka Kampala kuna mafundi wenye mvi wanaoweza kuifungua injini hiyo wakiwa wamefumba macho.

Formula Ford yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya watu wa mfuko mdogo. Shule ya udereva wa mashindano pale Brands Hatch ilikuwa inaumizwa na bei ya injini za mashindano, ikajaribu injini ya gari la kawaida, ikaona inadumu. Ford wakakubali, likawekwa sharti kwamba gari zima lisizidi pauni 1,000, na mbio za kwanza zikafanyika uwanjani hapo tarehe 2 Julai 1967. Injini iliyochaguliwa ilikuwa ya Cortina GT, cc 1500. Baadaye ndipo ikaja ya 1600. Na Cortina GT, waheshimiwa, sisi tulikuwa tumeshaikagua kabla yao. Mwaka 1964 Peter Hughes na Bill Young walishinda Safari Rally kwa Cortina GT, kwenye vumbi na tope letu. Miaka mitatu kabla injini hiyo haijawekwa mgongoni mwa gari la kiti kimoja, ilikuwa imeshatoa jasho Afrika Mashariki. Ninapokwenda Kent nakifuata kitu ambacho kilishapita kwetu.

Tena, kusafiri ndiyo asili ya mchezo huu. Emerson Fittipaldi alitoka Brazil mwaka 1969 akaanzia Uingereza kwa Formula Ford. Miaka mitatu baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Ayrton Senna, Mbrazili mwenzake aliyekuja kuwa bingwa wa dunia pia, alikwenda mwaka 1981, akatwaa mataji mawili ya Formula Ford msimu wake wa kwanza, na mwisho wa msimu akasema anaacha, anarudi nyumbani. Hata Festival hakuikimbia. Gari la kiwanda alilotarajiwa kuliendesha akapewa Tommy Byrne wa Ireland, naye akashinda. Ninayempenda kuliko wote ni Derek Daly, Muirish pia, aliyekwenda kuchimba madini ya chuma Australia ili apate fedha za mbio, kisha akaja kushinda Festival ya 1976. Huyo namwelewa. Najua ilivyo kuhesabu zamu za usiku kwa bei ya tairi.

Hao walikuwa na nchi ambazo, hata zilipokosa kuwasaidia, hazikuwazuia mlangoni. Na ziko zilizosaidia kwa akili. Afrika Kusini ilikuwa na zawadi kwa madereva wake wa Formula Ford iliyoitwa Driver to Europe, yaani anayefanya vizuri nyumbani anapelekwa Ulaya kushindana. Jody Scheckter aliipata akaenda Uingereza mwaka 1971. Mwaka 1979 akawa bingwa wa dunia akiwa na Ferrari, na hadi leo ndiye bingwa wa dunia wa Formula One pekee aliyetoka Afrika. Desiré Wilson naye alipitia mlango huohuo baada ya kutawala Formula Ford ya kwao, na mwaka 1980, palepale Brands Hatch, alishinda mbio za magari ya Formula One za ubingwa wa Uingereza. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kushinda mbio za magari ya Formula One. Nilisimama kwenye ukingo wa Paddock Hill Bend Jumapili ile nikimfikiria yule dada yetu wa benki, ambaye leseni yake ya uwanjani haijachapwa.

Wamarekani nao wana ufadhili wa Team USA, ulioanzishwa mwaka 1990 na mwandishi wa habari Jeremy Shaw. Kila mara vijana wachache huchaguliwa na kupelekwa Brands Hatch, kisha uwanja wa Silverstone kwenye Walter Hayes Trophy, mashindano mengine ya Formula Ford yaliyoanza mwaka 2001 na hufanyika mwanzoni mwa Novemba, majuma machache tu baada ya Festival. Josef Newgarden alikuwa mmoja wao mwaka 2008, akashinda kundi la injini za Kent. Sasa ameshinda Indianapolis 500, mbio maarufu kuliko zote Marekani, mara mbili mfululizo, 2023 na 2024. Marekani ina viwanja vya mbio visivyo na hesabu, na bado wanaona faida ya kumpeleka kijana akanyeshewe mvua ya Kent. Sisi tusio na uwanja kamili hata mmoja wa lami kwa magari haya tungesemaje?

Hili la uwanja nimeambiwa mara nyingi: kwa kuwa hatuna uwanja, hatuna mchezo, kwa hiyo hakuna leseni. Nawasihi mligeuze. Kwa kuwa hatuna uwanja, kusafiri ndiyo njia pekee. Mwogeleaji wa nchi isiyo na bwawa la mita 50 haambiwi aache kuogelea. Na misingi tunayo. Watoto wetu wanakimbia karti Nairobi na kwingineko, Uganda kuna mzunguko wa Garuga, otokrosi zinafanyika. Jicho la kona na mguu wa breki vinapatikana huko. Kinachobaki ni mtu mwenye mamlaka akubali kwamba hivyo ni vipimo halali vya kumpa dereva leseni.

Lipo swali ambalo sitaki kulipita juujuu, kwa sababu ni la haki: dereva akiumia ugenini, nani atajibu? Mchezo huu unaua. Roland Ratzenberger alishinda Festival ya 1986, na mwaka 1994 alikufa kwenye uwanja wa Imola, Italia, siku moja kabla ya Senna. Kiongozi anayeogopa kuweka sahihi yake chini ya jina la mtu anayeweza asirudi simlaumu. Lakini hofu hiyo ina dawa zake, na zote zinaandikika: cheti cha daktari kisichozidi mwaka, bima ya ajali inayobeba matibabu na gharama ya kumrudisha mtu nyumbani, akiwa hai au vinginevyo, helmeti, ovaroli na kifaa cha kuzuia shingo, vyote vyenye alama ya FIA, na ushahidi kwamba dereva amekimbia kitu fulani mwaka huo. Tuwekeeni masharti hayo, hata mkiyafanya makali. Asiyeyatimiza mkatalieni kwa maandishi, mapema, ajue. Kisichovumilika ni ukimya, kwa sababu ukimya haumlindi mtu na ajali. Unamfanya aingie Paddock Hill Bend bila kuwa na Ijumaa yake, na hapo ndipo hatari ilipo hasa. Wengine huona heri waombe leseni ya nchi nyingine kama wanaishi huko, wakakimbia chini ya bendera isiyo yao. Nimekaa meza moja na kijana wa aina hiyo tukinywa chai. Alikuwa anazungumza Kiswahili cha Kisumu, na kwenye orodha ya matokeo nchi yake haikuwepo.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Ni kweli mchezo ni ghali, na ni kweli hospitali zetu zina mahitaji makubwa kuliko mimi. Ndiyo maana katika barua hii sijaomba nauli wala posho. Mkiwa na mfadhili siku moja tutashukuru. Hadi hapo tunajilipia.

Najua mnaweza, kwa sababu upande wa rali mmeweza. Kenya iliipigania Safari Rally ikarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002. Mwaka 2022 McRae Kimathi alikwenda Rally Sweden kwenye ubingwa wa vijana, Mkenya akaendesha juu ya theluji, na yeye na wenzake Hamza Anwar na Jeremy Wahome wakashindana msimu ule wakiwa na leseni sahihi na barua sahihi. Niliangalia hatua zile usiku gereji ikiwa imefungwa, na nilijivunia hadi machozi. Mlango uliofunguka kwa rali unaweza kufunguka kwa uwanja.

Na Kigali, Desemba 2024, FIA nzima ilikuja kukutana nyumbani kwetu. Rais Paul Kagame akatangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa Formula One, ambayo haijakimbiwa Afrika tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Max Verstappen, aliyekuwa bingwa wa dunia wa Formula One, aliketi na vijana wa Rwanda kufanya kazi juu ya magari madogo ya cross car yaliyoundwa hapohapo Rwanda. Angalieni picha zile vizuri: ni magari ya kiti kimoja. Tayari tunayaunda. Naiunga mkono ndoto ya Formula One kwa moyo wote, lakini ikija, kila mgeni atauliza swali moja siku ya kwanza: dereva wa kwenu yuko wapi? Dereva huyo hatoki hewani. Anaanza kwa kukimbia mahali kama Brands Hatch akiwa wa tatu kutoka mwisho, anarudi, anakwenda tena.

Hata hivyo nisiwapambie. Wengi wetu hatutakuwa Scheckter. Kwenye kambi ya timu niliyokodi gari alikuwepo fundi bomba wa miaka hamsini na ushee, Mwaustralia aliyevuka nusu ya dunia, na baba aliyekuja na mwanawe wakigawana vifaa. Hakuna aliyekuwa anatafuta mkataba. Walikuwa wanafanya kitu kigumu kwa uangalifu, mbele ya watu wanaokielewa, na Jumapili jioni walisaidiana kusukuma magari kwenye matrela, aliyeshinda na aliyegongwa. Huo pia ni mchezo, na katika sheria zetu za michezo mtu wa ridhaa ana nafasi yake. Sidhani inabidi tuahidi medali ndipo tupewe sahihi.

Ninachoomba basi ni hiki. Kila shirikisho limteue mtu mmoja, ajulikane kwa jina la cheo na anwani ya baruapepe, ambaye kazi yake ni leseni na ruhusa za kushindana nje, na awepo wa kukaimu akisafiri. Maombi yaliyokamilika yajibiwe ndani ya siku kumi na nne, kwa kukubali au kukataa. Leseni iwe na kipengele cha mbio za uwanjani, na matokeo ya karti na otokrosi yahesabiwe. Barua ya ruhusa iandikwe kwa namna ambayo hata afisa wa viza ataielewa: huyu ni nani, anakwenda wapi, anajilipia, atarudi lini. Mashirikisho matano mnaweza kuwa na mfano mmoja wa barua hiyo kwa nchi zote. Mnakutana kila mwaka kwenye ubingwa wa rali wa Afrika, na jambo hili linahitaji nusu saa ya kikao. Kwa wizara ombi langu ni jepesi zaidi: barua ya dereva wa ridhaa anayejilipia isisubiri mhuri wenu, isipokuwa sheria inaulazimisha. Na kama inaulazimisha, semeni ni kifungu gani ili tuanze safari mapema.

Siku moja, mkipenda, tuwe na Driver to Europe yetu. Bingwa wa karti wa Afrika Mashariki mwenye umri wa kutosha apelekwe Brands Hatch Oktoba, abaki hadi Silverstone Novemba, mashindano mawili kwa nauli moja. Mafundi tutajitolea. Mimi binafsi nitakwenda kumfungia gari bila malipo, injini ile naijua.

Nikiandika haya ni mwezi Mei. Timu imenishikia kiti hadi mwisho wa Julai, na safari hii wamenihakikishia Ijumaa nzima. Fomu nimeshaijaza kwa mkono, kurasa nne, cheti cha daktari kimebanwa nyuma. Pamebaki nafasi moja tupu chini ya ukurasa wa tatu, penye mstari wa sahihi ya shirikisho.

Wenu katika michezo,

Dereva wa ridhaa, Pwani